Injini ya Moto, Mnunuzi wa Moto

Kwenye ukoo wetu, ukimiliki gari kuukuu kwa miaka mingi bila kuliuza, unapandishwa cheo kimyakimya na kuwa mtaalamu wa magari. Mimi sikusomea ufundi. Ninachokijua nimekijua nikiwa nimesimama kando ya barabara, boneti iko wazi, namtazama mtu mwingine akichafuka mikono kwa hela zangu. Lakini ndugu yeyote akitaka kununua gari, simu inayolia ni yangu. "Mjomba, twende ukaliangalie." Na kuangalia kwenyewe si kuangalia. Wanachotaka ni nisimame karibu na gari, nikunje uso, nipige tairi teke, kisha nibariki uamuzi uliokwisha kupita usiku wa manane, mtu akiwa kitandani anakodolea picha kwenye simu.

Safari hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Kijana amepata kazi ya kueleweka, hajaoa, na chumba alichopanga hakina hata jokofu. Anachotaka ni Subaru Impreza WRX, gia za mkono, rangi ya buluu, rimu za dhahabu. Nilimshauri atafute kigari cha kawaida kinachonusa mafuta badala ya kuyanywa. Akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana huwawekea akiba wazee wanaoanza kusahau majina ya wajukuu.

"Mjomba, hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally."

Ni kweli, iliishinda. Colin McRae aliichukua Safari ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Nilichomkumbusha ni kwamba magari yale yalifuatwa na helikopta angani, na kila kituo kulikuwa na kikosi cha mafundi kinachobadilisha shokapu dereva akiwa bado anakunywa maji. La kwake litafuatwa na bajaji, na kikosi chake ni yule fundi wa Tabata anayezima simu kila akishalipwa.

Shida ya gari la spoti lililotumika ni kwamba kulikagua kunataka mtu asiyelitaka, na mtu asiyelitaka hana sababu ya kwenda kulikagua. Hakuna anayehitaji WRX. Pikipiki unaweza kuihitaji, pikapu unaweza kuihitaji, hata baiskeli. WRX unaipenda tu. Na ukishapenda, ukaguzi wote ni kutuma washenga wakati kadi za harusi zimeshasambazwa: mjumbe atasema alichokiona, wenye shughuli watamshukuru, na ngoma itapigwa tarehe ileile.

Tukaenda. Yadi yenyewe ni kiwanja chenye vumbi, mwarobaini mmoja na magari yaliyooshwa hadi yanatia aibu yale yanayopita barabarani. Dalali alitupokea akiwa na funguo mkononi.

"Karibuni sana. Mzee shikamoo. Hii gari haina tatizo lolote. Ni kuwasha na kuondoka."

Katika maisha yangu sijawahi kuonyeshwa gari lenye tatizo. Yote yaliyo na matatizo yanamilikiwa. Yanayouzwa ni mazima. Nikauliza lilikuwa la nani.

"La mama mmoja daktari. Analitumia kwenda kazini na kanisani, basi."

Nilizunguka nyuma. Ekzosi ya mama daktari ilikuwa na mdomo ambao ungetosha kupikia ubwabwa wa watoto wawili. Viti vya mbele vimekumbatia kiuno mithili ya vile vya marubani, na kile cha dereva kimechanika upande wa mlangoni, pale ambapo mtu husugua kila akiingia na kutoka. Upande huo wa kiti husema kweli kuliko dashibodi. Hali kadhalika mpira wa pedali ya klachi na ngozi ya usukani. Dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 84,000. Pedali ilikuwa imelika hadi chuma.

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Mmetoka nalo wapi?"

"Hapana mzee, ni jua hilo."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, chini ya mwarobaini.

Hapa niseme jambo ambalo kila dalali analijua na kila mnunuzi hupuuza. Injini ya tabo ikaguliwe ikiwa baridi, imelala usiku kucha. Oili huwa imeteremka yote chini, vyuma vimenywea, na sekunde zile za kwanza baada ya kuwasha injini haina pa kuficha kitu. Kama kuna mlio wa kugonga, utausikia. Kama oili inavujia kwenye tabo au kwenye valvu, moshi wa buluu utatoka nyuma. Moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia yasikotakiwa, na mweusi ni petroli inayomwagwa kuliko inavyoungua. Na injini ya Subaru hii ina namna yake: pistoni zake hazisimami, zimelala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, nayo inanguruma ule mngurumo unaowapumbaza vijana. Ikishapata moto, mngurumo ule unafunika madhambi mengi. Kwa hiyo dalali anawahi. Anaipasha, anaizungusha mtaa mzima, anairudisha, anaipangusa vumbi, halafu anakaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri jua la kusingizia.

Nikamvuta mpwa wangu pembeni nikamwambia tutarudi kesho kabla hakujapambazuka vizuri, bila taarifa. Akakubali kwa kichwa. Kesho yake tumefika saa kumi na mbili kasoro, kiza bado, na gari linanguruma, taa zinawaka, dalali yuko pembeni anapiga mswaki.

"Nimeona niwasaidie kuliwasha," akasema.

Nikamgeukia mpwa wangu. "Ulimwambia tunakuja?"

"Nilimtumia meseji tu, mjomba. Niliona si adabu kumshtukiza mtu alfajiri."

Basi likazimwa. Dalali akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akafunga mlango. Injini ikaendelea kunguruma. Mlinzi wa yadi, mzee wa makamo aliyekuwa amejifunika kitenge, akarudi nyuma hatua kadhaa huku midomo inamcheza. Dalali mwenyewe alishtuka, nilimwona, lakini biashara ni kujikaza.

"Sistimu ya kisasa hiyo," akasema.

Si ya kisasa na wala si jini. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka injini ukiwa na joto kali, na mhimili wake hutegemea oili inayopita kuupoza. Ukitoka mbio ukazima ghafla, oili inasimama pale, inaungua, na mhimili unaanza kufa kidogo kidogo. Vijana wa Japani wakawa wanafunga kifaa cha kuiacha injini iungurume dakika moja au zaidi baada ya ufunguo kutoka, ndipo kiizime. Ni kifaa kizuri. Lakini mtu hakifungi kwa sababu ya kwenda kanisani. Mwenye kukifunga ama analitunza gari sana, ama analikimbiza sana, na mara nyingi ni yote mawili. Nikamwambia dalali amfikishie mama daktari salamu zangu.

Kulipokucha, wataalamu wakaanza kukusanyika. Sijui wanatokea wapi. Ukifungua boneti katika jiji hili, watu wanne wasiokujua watakuja kusimama, mikono nyuma, na kila mmoja ana shemeji aliyewahi kuwa na gari la aina hiyo. Mmoja alikuwa na sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu. Akaeleza kwa sauti ya mhadhara kwamba sumaku hunasa kwenye bati, na ikikataa ujue pale pamepigwa puti. Hilo ni sahihi kabisa. Akaiweka juu ya boneti. Sumaku ikateleza, ikaanguka.

"Puti tupu!" akatangaza. "Gari hili liligonga lori!"

Mnong'ono ukapita. Mpwa wangu akapauka. Dalali akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Ilibidi niingilie, japo sikupenda kuwa upande wa dalali asubuhi ile: boneti za WRX za enzi hizo ni za alumini, ili kupunguza uzito wa mbele, na alumini haivutwi na sumaku hata ukiibembeleza. Yule bwana hakufurahi. Alikusanya sumaku yake akaondoka amenuna, lakini njiani, kwa hasira tu, akaibandika kwenye fenda ya nyuma kulia, ambayo ni bati. Ikaanguka. Akairudisha. Ikaanguka tena. Watu walikuwa wanamcheka kwa ajili ya boneti, hakuna aliyetazama. Mimi nilitazama. Nikapapasa kwa kucha: pale puti ilikuwa imepigwa ikapigika, na rangi ya mle ndani ya buti ilikuwa buluu nyingine.

Dalali akakumbuka ghafla kwamba ana karatasi ya mnada. Magari mengi yanayotoka Japani hupitia mnadani, na kule mkaguzi huandika alama: tarakimu ya hali ya jumla, herufi ya ndani ya gari, na mchoro wenye A palipokwaruzwa, U palipobonyea, W palipowahi kutengenezwa. Huyo mkaguzi ndiye ninayemwonea wivu. Hanunui, hauzi, hana mpwa. Kwenye nchi yao kila gari la binafsi lazima likaguliwe, mara ya kwanza likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na linavyozeeka ndivyo kulipitisha kunavyomchosha mwenyewe mfukoni. Ndipo analiachia, nasi tunalipokea kwa vigelegele. Wakenya wamejiwekea ukuta: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Sisi tunaliongezea ushuru wa uchakavu, tunalipigia honi, linapita.

Karatasi ilikuwa imekunjwa kunjwa. Kwenye kona ya hali ya jumla hapakuwa na 4 wala 3 na nusu. Palikuwa na herufi moja, R.

"Hii R ni nini?" nikauliza. Najua ni nini. Ndiyo alama yanayopewa magari yaliyopata ajali yakatengenezwa.

Dalali hakupepesa jicho. "R ni Rali, mzee."

Na mpwa wangu, mtu mwenye shahada, akatabasamu.

Tukaomba kulijaribu barabarani. Hapo ndipo taa ya mafuta ilipowaka. Sijui kwa nini gari linalouzwa milioni kadhaa halijawahi kuwa na petroli ya kutoka getini. Mpwa wangu akatoa noti za kujaza, dalali akakaa mbele kama mwalimu, mimi nikasukumwa nyuma, magoti yakigusana na kidevu. Kabla ya kuwasha niliomba ufunguo uzungushwe nusu tu, nione taa za dashibodi. Taa ya injini inapaswa iwake pale, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, si kwamba injini ni nzima, ni kwamba kuna mtu ameinyamazisha ile taa. Iliwaka, ikazima. Nikampa dalali alama yake moja.

Barabara aliichagua yeye. Katika jiji zima la Dar es Salaam alijua lami moja isiyo na kiraka wala tuta, na huko ndiko alikotuelekeza. Akawasha redio, akapandisha sauti. "Msikilize mziki wa gari." Nikainua mkono nikaizima. Akawasha kiyoyozi hadi mwisho. Nikateremsha kioo. Akakipandisha. Nikamwambia mpwa wangu akate kushoto, kwenye matuta, ili tusikie shokapu na bushi zinasemaje. Dalali akasema kuna msiba mtaa ule. Tukakata. Hakukuwa na msiba, ila tuta la kwanza lilitoa mlio wa kijiko kwenye sufuria tupu, na la pili likachuna bampa.

Halafu foleni. Gari la nguvu za farasi zaidi ya 200, lililotoka kwenye kizazi ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya 280 wasije wakachinjana, lilitembea nyuma ya bodaboda iliyobeba godoro la futi tano kwa sita. Godoro lilipokata kona tukapata kipande cha wazi, mpwa wangu akakanyaga, tabo ikavuta, ikapumua ule mpumuo wake, na nikaona kwenye kioo cha ndani kwamba kijana nimempoteza. Kipande chenyewe kilikuwa na mwisho wa spidi 50, na mbele kidogo, chini ya mti, amesimama askari na tochi. Tukafunga breki. Breki zilikuwa nzuri, sina budi kusema.

Niligoma kutoa neno hadi fundi wangu alitazame. Yeye ni mtu mkimya. Akaangalia matairi, akasoma ile namba ya tarakimu nne iliyogongwa ubavuni, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka, akasema mawili ni ya 2016 na mawili ni ya juzi, na gari linalovuta miguu yote minne halitaki matairi yasiyolingana kimo, difu ya kati ndiyo inayolipia. Akafungua kifuniko cha oili kutafuta utelezi mweupe wa maji na oili vilivyokorogana. Hakukuwa nao. Kisha akaingiza kichwa kwenye injini, akapangusa kitu kwa tambara, akaniita kwa kidole.

Ilikuwa stika ndogo. Gereji za Kijapani zikibadilisha taimingi belti hubandika kumbukumbu: tarehe na kilomita. Maandishi yalikuwa yao, tarakimu ni zetu sote. Mwaka umeandikwa 24, maana kule huhesabu miaka ya utawala wa mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo 24 ni 2012. Na chini yake: kilomita 102,000.

Nikarudi kwenye dashibodi nikasoma tena. 84,000. Gari lilikuwa limetoka Japani, likavuka bahari, likatembea mijini kwetu miaka yote hii, na kilomita zikapungua.

"Kijana," nikamwita dalali, "hebu nifafanulie hapa."

Alisogea. Aliitazama stika kwa muda, akaitazama dashibodi, akajikuna kisogo.

"Wajapani hao mzee," akasema. "Wanaandika kuanzia kulia."

Nakiri nilimheshimu kidogo. Nikamwambia basi tusome kuanzia kulia, akajaribu, akafika kwenye sifuri ya tatu akanyamaza.

Jioni ile tukatazama na madeni, maana siku hizi faini za barabarani hukaa kwenye namba ya gari, zikisubiri mwenye nyumba mpya. Zilikuwapo, zimepangana, karibu zote za mwendokasi. Mama daktari alikuwa akichelewa ibada.

Nikamketisha mpwa wangu. Nikamhesabia: liligongwa, limepigwa puti, kilomita zimerudishwa nyuma, belti inadaiwa tena, na hii si injini ya kusamehe, mkanda ukikatika valvu na pistoni zinagongana na unaanza kutafuta injini nyingine. Shokapu. Bushi. Matairi. Faini. Alinisikiliza kwa utulivu wote, bila kunikatiza, akiitikia "ndiyo mjomba" kila mahali panapostahili. Nilipomaliza akavuta pumzi.

"Lakini mjomba, umeisikia ile sauti yake?"

Tulirudi kulipia. Nisiwe mchoyo wa sifa: stika ile ndogo iliteremsha bei kwa kiasi ambacho maneno yangu yote yasingeteremsha, na faini akazibeba muuzaji. Kijana akakaa kwenye kiti kilichochanika, akaondoka akiwa ameteremsha vioo vyote, na mtaa mzima ukamjua.

Mimi nikabaki natafuta ufunguo wa gari langu. Dalali akanifuata, mikono mfukoni. Hakugusa chochote. Hakufungua boneti, hakupiga tairi teke, hakuwa na sumaku. Alilizunguka mara moja, akainama kidogo kutazama chini, akanusa kwenye bomba la moshi, akaniomba niliwashe.

"Mzee, hii silinda hedi ilishafunguliwa," akasema. "Giaboksi inachelewa kushika namba mbili. Mlango huu si wake. Na redieta unaiongezea maji kila asubuhi, usinifiche." Akasimama wima. "Milioni tatu na nusu. Tena kwa vile tumefahamiana."

Nilihisi damu inanipanda kichwani. Nikamtazama moja kwa moja usoni.

"Kijana," nikamwambia, "hii gari haina tatizo lolote."